Yakuti Asitajwe Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa na Mhariri. Sikukaribishwa kiti. Dalili mbaya. Kasema gazeti linapunguza kurasa, na ukurasa wa hadithi utabaki na mwandishi mmoja badala ya wawili. Wa kwanza ni mimi, mzazi wa Inspekta Radi, mpelelezi anayesomwa mpaka kwa vinyozi. Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayelala sebuleni kwangu na kuandika mapenzi yake juu ya meza yangu ya chakula. Mhariri anataka hadithi ya mapenzi kutoka kwa kila mmoja wetu, mwisho Jumamosi saa sita mchana. Eti wasomaji wamechoka na maiti. Mwenye hadithi bora atabaki. Mwingine ataandikiwa barua ya shukrani.

Nimemwambia mapenzi ni kazi nyepesi. Nimetoka kifua mbele. Kwenye ngazi nikakumbuka jambo. Sijawahi kuandika mapenzi. Wanawake wa hadithi zangu hukutwa tayari wamekufa.

Jumanne, 4 Machi

Hadithi huanza na jina. Hili nimelipigania kwenye makongamano, kwenye barua kwa wahariri, na mara moja msibani, hadi nikaombwa nikakae nje. Wapo wasomi wanaosema jina la mhusika ni kibandiko tu. Hao hawajawahi kumfukuza mtu. Jina la mpelelezi liwe fupi, maana litaitwa na mtu anayekimbia. Radi. Unalitamka na pumzi inabaki. Jina la jambazi limchukize msomaji kabla jambazi hajanyanyua mkono. Hadithi ya watoto inataka jina ambalo mtoto atalirudia mdomo umejaa chakula. Hadithi ya kutisha inataka jina la kawaida kabisa, la mtu ambaye ungemwachia funguo za nyumba.

Na mapenzi? Jina la mpenzi lazima liweze kutamkwa na mtu aliyechoka. Hili nimeligundua leo bafuni. Majina yangu yote huyajaribu bafuni, kwa sauti. Kuta za vigae hazina upendeleo. Jina bovu hukurudia likiwa bovu zaidi.

Nilijaribu mengi. Yote yalisikika kama dawa za kikohozi. Halafu likaja lenyewe. Yakuti. Nikaliita polepole. Nikaliita kwa kusihi. Nikaliita kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu akakuta taa ya nyumbani inawaka. Machozi yakanilengalenga.

Nilipofungua mlango, mke wangu alikuwa amesimama na taulo mkononi. Akauliza Yakuti ni nani.

Mwanamume mwenye akili za kawaida angejibu. Lakini nyuma yake, mlangoni mwa jikoni, shemeji alikuwa anatafuna mkate taratibu sana, masikio yamesimama. Huyu ndiye aliyeniibia Kisiki. Kisiki alikuwa jambazi wangu. Nilimlea moyoni mwaka mzima, nikateleza nikamtaja mara moja tu mezani. Haukupita muda akatokea kwenye hadithi ya shemeji, anauza maua.

Nikasema hakuna mtu wa jina hilo. Kisha, kwa usalama zaidi, nikamwambia mke wangu kwamba hata yeye hakusikia kitu.

Jumatano, 5 Machi

Chai imewekwa mezani bila sukari na bila salamu.

Fundi cherehani mwenye duka chini yetu ametoa ushahidi bila kuombwa. Bomba la bafu letu linapita ukutani mwake, kwa hiyo alisikia kila kitu. Kamwambia mke wangu kwamba ameshona magauni ya maharusi maisha yake yote, lakini hajapata kusikia mwanamume akimwita mtu vile. “Dada, alikuwa anaomba kabisa,” kasema. “Wangu mimi hata maji ya kunywa haombi hivyo.”

Ndio uhakiki bora niliowahi kupata. Nilishindwa kuzuia tabasamu. Mke wangu aliliona.

Mchana nimeandika. Yakuti ni karani wa stesheni. Hutangaza safari kwenye kipaza sauti, na kijana mmoja anampenda kwa sauti tu, kabla hajamwona. Inakwenda vizuri. Nimefika aya ya nne na hakuna aliyekufa. Najizuia.

Jioni mke wangu aliingia chumbani, akaketi kando yangu, akauliza tena, safari hii kwa upole. Kasema nimwambie tu, hata kama ni kweli, atajua pa kusimama. Nusura niseme. Lakini huyu na mdogo wake hawajawahi kufichana kitu tangu utotoni. Kumwambia mmoja ni kuwatangazia wote wawili. Nikamwomba anivumilie hadi Jumamosi. Akauliza Jumamosi kuna nini.

Nikasema Jumamosi nitamtoa Yakuti hadharani.

Nilipoinua macho, nilikuwa peke yangu chumbani.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao. Shangazi yake mke wangu kwenye kiti kikubwa, mjomba wangu kwenye kile kinachoyumba. Mke wangu macho mekundu. Shemeji kakaa karibu na dada yake, anamsugua bega, sura ya huruma. Mimi katikati, kwenye kigoda.

Shangazi akauliza huyo mwanamke nimemjua lini. Nikasema Jumanne. Mke wangu akacheka, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Akauliza kama ni mzuri. Hapo ningeweza kudanganya, lakini mimi ni msanii. Nikajibu kwamba bado sijaamua.

Kile kiti kikaacha kuyumba.

Mjomba akaona anisaidie. “Kama ni mtu wa watu, mlete tumwone, tusizungushane.” Shangazi akamgeukia. “Wewe mzee, umekuja kupatanisha au umekuja kuposa?” Mjomba akasema yeye alisikia kuna chakula.

Shemeji aliuliza swali moja tu muda wote. Eti jina hakulisikia sawasawa, nilitaje tena. Nilimwona alivyo, mwizi yule, kalamu imechomoza mfukoni mwa shati. Nikakataa katakata. Nikasema hata mkinichinja.

Shangazi akamtajia.

Kufikia alasiri begi lilikuwa mlangoni. Mke wangu anakwenda kwa shangazi yake. Akanisogelea, karibu kabisa. “Nong'oneza tu,” kasema. “Hapa, sikioni. Nitaliweka begi chini.” Alimaanisha. Lakini shemeji ndiye aliyekuwa amebeba begi la pili, hatua moja nyuma yake. Nilipima kwa macho umbali wa kutoka mdomo wangu hadi sikio la shemeji. Jina tu lilikuwa halimtoshi. Bado hakujua kuhusu stesheni.

Nikafunga mdomo.

Wakashuka ngazi. Fundi cherehani alizima mashine yake ili asikie vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nyumba ina mwangwi. Shemeji naye kaenda huko huko, eti kumliwaza dada yake. Meza ya chakula ni yangu peke yangu kwa mara ya kwanza tangu alipohamia. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Nimeandika tangu asubuhi. Jambo la ajabu limetokea. Yakuti ameanza kuuliza watu kama wamekula. Abiria, wapagazi, msimamizi wa stesheni, wote anawauliza. Sikumpangia hilo. Linanivurugia msuko wa hadithi. Nimelifuta mara kadhaa, linarudi.

Mimi mwenyewe sijala.

Mjomba kapita kuulizia kama Yakuti bado anakuja kesho. Nimemfukuza.

Jumamosi, 8 Machi

Niliingia kwa Mhariri kabla ya saa sita, shati limepigwa pasi na mimi mwenyewe, kola moja juu nyingine chini. Alisoma akiwa amesimama. Kwenye aya ya pili akasita. Akaniuliza, taratibu, kwa nini nimeiba jina la mwenzangu.

Shemeji alipeleka hadithi yake jana.

Akanipa niisome. Mke amesimama nje ya bafu na taulo mkononi. Ndani, mume anamwita Yakuti kwa sauti ambayo mke hajawahi kuitwa. Kuna shangazi kwenye kiti kikubwa. Kuna fundi cherehani anayezima mashine. Na hakuna mwenye jina! Ni mke, mume, shangazi, fundi, basi. Jina pekee katika hadithi nzima ni Yakuti, na Yakuti mwenyewe hatokei hata mstari mmoja. Mhariri kasema aliisoma mara mbili. Kila mke atakayeisoma atajaza jina la mumewe mwenyewe.

Nililipuka. Nilimwambia kuacha wahusika bila majina ni uvivu uliovaa suti, ni kumtuma msomaji akakufanyie kazi yako halafu wewe ukachukue sifa. Nilipiga meza. Watu wa dawati la michezo walichungulia. Mhariri alingoja nimalize, akauliza nina ushahidi gani kwamba jina ni langu.

Nikasema ushahidi ninao. Mke wangu mwenyewe alinisikia nikiliita bafuni.

Mhariri akatazama karatasi za shemeji. Akanitazama mimi. Akatazama kola yangu. Uso wake ukabadilika.

Akanikaribisha kiti.

Ukurasa umekwenda kwa shemeji.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kaja mwenyewe. Kumbe Mhariri alimpa shemeji karatasi zangu ampelekee dada yake. Alisimama sebuleni bila kuvua viatu, hadithi yangu mkononi.

Kasema, “Kwa hiyo hayupo.”

Nikasema hayupo, hajawahi kuwepo, ni karani wa stesheni niliyemtunga. Nilingoja acheke. Nilikuwa nimejiandaa kucheka naye.

Hakucheka. Kasema bora angekuwepo. Angekuwa mwanamke wa kweli, angemfuata, wangetazamana, wangemalizana. Sasa agombane na nani, na neno? Kasema nilimtazama analia siku zote hizo, dawa iko mdomoni mwangu, nikaimeza. Na yote hayo kumficha mdogo wake kitu ambacho mdogo wake alikipata bila hata kuinuka kwenye kiti.

Nilitaka kumweleza kuhusu Kisiki. Nikaona si wakati wake.

Akauliza kama ningefanya hivyo tena. Nikasema hapana. Nilijibu haraka mno, hata mimi nilisikia.

Sharti lake ni moja. Kuanzia leo, jina lolote nitakalotunga, yeye alisikie kwanza, kabla ya bafu. Nimekubali. Nimeapa. Akafungua begi, akatoa nusu ya nguo. Nusu akaiacha ndani.

Alipokuwa anakunja khanga yake, kasema katika hadithi nzima amependa sehemu moja tu, pale Yakuti anapowauliza watu kama wamekula. Akauliza nimeitoa wapi.

Nikasema nimeibuni tu. Akaniuliza kama nimekula, kisha akaenda jikoni kunipashia chakula.

Jumatatu, 10 Machi

Habari njema. Lile gazeti jingine, la upande wa pili wa barabara, linatafuta hadithi ya kutisha. Shemeji hajui. Ushindi uko njiani.

Jina limenijia wakati wa chai. La kawaida kabisa, la jirani mwema, mama anayeweza kuachiwa funguo. Ukilisikia hushtuki. Kwenye sura ya pili nywele zinakusimama. Nilihisi uso wangu ukibadilika, na mke wangu aliona. Akauliza, kama tulivyokubaliana, ni jina gani. Shemeji, ambaye naye amerudi, alikuwa ananyoosha mkono kuchukua sukari.

Nikasema Kibuyu.

Mke wangu akalifikiria. Kasema ni zuri, linatisha kidogo. Alifurahi, hilo halifichiki. Alinyanyuka akaenda chumbani, nikasikia kabati linafunguliwa. Anatoa ile nusu ya pili ya nguo begini. Nilihisi kitu kinanichoma hapa kifuani. Kikapita. Mke wangu ni mtu mzuri, lakini ana mdogo wake.

Nimeingia bafuni. Safari hii nimejipanga. Nimefungulia maji yote, yapige kelele kwenye bomba, fundi cherehani abaki na mashine yake. Nikaliita lile jina halisi, bila mapenzi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayempa jirani funguo. Kuta zikalirudisha. Zuri mno. Nikaliita tena, juu kidogo, ili lishinde maji.

Mlango unagongwa.

Mke wangu anauliza huyo mwanamke ni nani. Nimemjibu hakuna mtu wa jina hilo.