Ombi la Kuchimba Ukuta wa Mama

Kwa Mzee Wangwe,
Mwenyekiti wa Kitongoji.

Shikamoo mzee. Ni mimi Mniko, mchimbaji mdogo, kitinda mimba wa marehemu mama yetu tuliyemzika mwaka jana ukiwepo. Naandika kwa heshima, ingawa hasira imenifika hapa shingoni.

Niliweka jikoni kwa mama viroba vinne vya udongo wa dhahabu, umeshasagwa, unasubiri kuoshwa. (Cha tano kiko uvunguni mwangu, usimwambie mtu.) Dada yangu Robi, ninayekaa naye nyumba hiyohiyo, akaona udongo laini, akauchanganya na mavi ya ng'ombe, akasiriba ukuta mzima! Mzee, ule sasa si ukuta, ni mgodi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuishia kusiriba. Kwa mkaa na majivu amechora ukoo wote: mama akisonga ugali, mjomba wa ng'ambo ya Sirari akisinzia na redio yake, na mimi, mtoto, nakimbizwa na jogoo bila kaptula. Wageni wote huanza na jogoo.

2. Nikishika jembe nikwangue, shangazi anavuta kigoda anakaa mbele ya mama, anampa habari za mahindi. Nitamkwanguaje mtu aliye katikati ya mazungumzo?

3. Udongo mzito, wenye dhahabu nyingi, umeangukia kwenye kanga ya mama pale ukutani. Nilimwomba Robi kiungwana tukwangue kanga tu, uso tuuache. Akaniita mfukua makaburi. Mimi!

4. Kwa hiyo naomba ukuta utangazwe eneo la uchimbaji, shangazi apewe notisi, na jogoo aondolewe kwanza kwa sababu za kiusalama.

Mzee, sina kingine. Ile ni miezi saba ya kukaa shimoni, na ng'ombe wangu wa mahari wamo humo ukutani. Mama angekuwepo angenielewa.

Wasalimie nyumbani wote, pamoja na yule fahali wako mwenye pembe moja.

Mwananchi wako mtiifu,
Mniko

Nyongeza: Usihangaike tena kuja, mzee. Asubuhi hii shangazi alikuwa shambani, nikaanza kumkwangua jogoo. Kumbe nyuma yake, ambako kwa aibu sikuwahi kutazama, Robi amemchora mama tena, anakuja mbio na mwiko wa ugali mkononi kuniokoa. Nilishasahau kwamba siku ile alikuja. Jembe lilikuwa limeshamgusa mama begani. Kiroba cha tano nimekitoa uvunguni, nimempa Robi azibe hilo bega.