Jembe la Mahari Chunguni

Jumatatu, 2 Machi 1953
Mke wangu Pelagia kaanguka akiteka maji kisimani. Kizunguzungu tena, na mimba imeshakuwa kubwa! Mkunga Apolinaria kasema damu yake imepungukiwa chuma. Ale maini, dagaa, mboga za majani. Maini! Hayo ndiyo jirani yangu Silasi anamlisha mkewe, na mtaa mzima hatupumui kwa majigambo yake. Simwigi mtu. Kinatakiwa chuma, chuma kitapatikana. Pelagia wangu simpotezi.

Jumanne, 3 Machi
Nimechemsha jembe ndani ya uji. Pelagia kasema una ladha ya baiskeli. Baiskeli ameilamba lini? Kosa ni la jembe: la dukani, chuma chepesi. Chuma hasa ni cha wahunzi wa zamani. Na najua lilipo moja! Lile nililotoa mahari.

Jumatano, 4 Machi
Treni hadi Kigwa. Nimemwamkia mama mkwe kwa mbali, nikaomba lile jembe. Sababu sikusema, habari za mimba mtu hazungumzi na mkwewe. Naye hakuuliza. Kalishusha darini, kaliweka chini, kaingia ndani. Mama mwenye heshima sana!

Alhamisi, 5 Machi
Jembe halienei sufuriani. Nimeazima chungu cha pombe. Uji mweusi tii. Pelagia kanywa kidogo, kwa kunihurumia. Ushindi!

Ijumaa, 6 Machi
Balaa! Mama mkwe kafika na shemeji zangu kumchukua Pelagia. Eti mwanamume akidai mahari yake, ameacha mke. Mimi nimwache Pelagia! Nimelia mbele yao, wala sikuona haya. Nikawapeleka jikoni. Mama mkwe kachungulia chunguni, kaona jembe linaogelea ujini, akakaa chini akicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Kisha kauliza kama tuna matembele. Yapo tele, nyuma ya nyumba.

Jumapili, 15 Machi
Mama mkwe yupo bado. Kila siku matembele na dagaa, na maini aliyoomba kwa mke wa Silasi (aibu gani hii!). Leo Pelagia katembea mpaka kanisani bila kushikwa mkono. Nimefurahi kupita kiasi. Jembe limefanya kazi! Nimemweleza Silasi, kageuka kaingia ndani kwake. Wivu huo.

Apolinaria kasema Pelagia akianza kunyonyesha atahitaji chokaa, kwa mifupa ya mtoto. Eti imo kwenye maziwa. Maziwa ya nini? Mafundi wanapaka chokaa ukuta wa kanisa wiki hii. Nimeshaazima ndoo.