Ubao wa Mashua ya Petro na Kiwembe cha Mwalimu Josias

Rumonge, Jumatano

Kwa Padri Hubert, mkuu wa parokia yetu.

Amahoro, Padri.

Anayekuandikia ni mimi Tarsisi, muuza mawese wa sokoni, mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia Gitaza mpaka Kigwena. Wewe ulisoma Roma miaka saba ukarudi na miwani. Mimi nilikwenda Galilaya wiki mbili tu, kwa tiketi niliyoshinda katika bahati nasibu, nikatembea kwenye ufuko ule kwa miguu yangu hii, nikarudi na ubao wa mashua ya Mtume Petro, nikaupa kanisa bure. Bahati ni bahati, siwezi kuiombea msamaha.

Sasa nasikia kwamba Jumapili hii, baada ya matangazo ya ndoa, utawaambia waumini kuwa ubao ule ni wa uongo, na utauondoa pale chini ya sanamu ya Bikira Maria. Nasikia umesema imani haihitaji mbao. Padri, kwa heshima zote, hata wewe unahubiria watu waliokaa kwenye mabenchi.

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, kama tulivyofundishwa shuleni kabla sijaacha.

1. Mwalimu Josias, anayefundisha sayansi pale lise, shule yetu ya sekondari, hakuomba ruhusa. Alikuja na kiwembe, akakwangua kitu kitakatifu mbele ya watu, akaondoka na unga wake kwenye karatasi. Nilimwuliza, "Mwalimu, hata kiti cha Musenyeri, askofu wetu, ungekikwangua?" Akajibu, "Kikiletwa na wewe, ndiyo." Watu walicheka mpaka wanakwaya. Hiyo si sayansi. Hata Tomaso alipokuwa na mashaka alitaka kutumia kidole, hakuja na kiwembe.

2. Anasema mti wenyewe ni mvule, na kwamba mvule hauoti Galilaya, unaota msituni kwetu Kigwena. Sawa. Mimi siogopi sayansi, nimefika darasa la sita. Lakini Mwalimu ameishia njiani. Kama mashua ni ya Petro, na mbao ni za Kigwena, kinachobaki ni nini? Petro alinunua mbao kwetu. Mvuvi yeyote mwenye akili angefanya hivyo.

3. Alipotazama kwa mikroskopi yake akaona magamba ya ndagala, vile visamaki vya ziwa letu, akafurahi kama amefunga bao. Padri, wewe ndiye unayetusomea Injili. Mikate mitano na samaki wawili wadogo. Wangekuwa sangala, nani angewaita wadogo? Samaki ambaye hata Injili inaona lazima itaje udogo wake, huyo ni ndagala. Hapa Mwalimu amenisaidia bila kujua. Murakoze.

4. Hili ndilo alilojivunia zaidi. Anasema ufa wa ubao umezibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese, kama tunavyoziba mashua zetu hapa, na ndani ya pamba zimo nyuzi za kitambaa cha bluu. Akanigeukia: "Eti muzee wa Galilaya, huko kwa Petro kuna michikichi?" Nikamwambia niliiona kwa macho yangu, na bei yake nikaiuliza. Kuhusu bluu, Padri, ukiwa pale inua kichwa tu. Sanamu iliyo juu ya ubao imevaa rangi gani? Ni wazi kwamba Mama wa Bwana aliwaonea huruma wavuvi, akachana pindo la nguo yake, akasaidia kuziba. Mwalimu alikuja kutupunguzia masalia matakatifu, sasa tunayo mawili.

5. Anasema ubao hauna hata miaka ishirini. Hili limeniuma. Ninyi wenyewe mmetufundisha kwamba wako watakatifu ambao miili yao haikuoza. Nyama isioze, halafu mvule ndio uoze? Ubao wa kawaida wa miaka elfu mbili ungekuwa vumbi. Huu ni mpya, na upya wake ndio ushahidi.

6. Kwa hiyo naomba Mwalimu Josias apumzishwe kufundisha sayansi, afundishe kuimba, mpaka aombe msamaha. Pia uandike Roma uwaeleze kwamba mbao ni zetu, samaki ni wetu, mawese ni yetu, basi Petro alikuwa mtu wa hapa, pengine wa Kizuka, na kiti chake kilifika kwao kwa makosa ya usafiri. Hatudai kirudishwe. Watupe nusu ya mahujaji, inatosha. Mimi nina chumba kimoja cha kuanzia.

7. Hili si la sayansi. Unamjua shangazi yangu Kornelia. Tangu mwanawe Revokatus apotee ziwani, miaka minne sasa, mashua ikavunjika na yeye asionekane, alikaa miaka mitatu bila kukanyaga kanisani. Ulimwendea mara ngapi? Alikuwa anakupa chai na kukuambia hana ugomvi na wewe, ana ugomvi na mkubwa wako. Pasaka iliyopita ubao ulipofika alikuja kuutazama, na tangu siku ile hajakosa misa. Anaweka mkono pale, anakaa. Jumapili ukishauondoa, ule mkono atauweka wapi? Mwulize Mwalimu kama mikroskopi yake inaonyesha hilo.

Nisalimie masista, wanakwaya wote pamoja na wale waliocheka, na Musenyeri akipita. Mwalimu Josias naye msalimie, ila zake umpe za mwisho.

Ni mimi muumini wako mtiifu,
Tarsisi, Mhujaji wa Galilaya

Nyongeza. Padri, nimefungua tena bahasha, na karatasi nyingine ya kuandika upya sina.

Leo asubuhi nilimsindikiza shangazi kanisani, nikamwonya kwamba Jumapili kutakuwa na maneno. Aliingiza kidole kwenye ule ufa, akaigusa pamba, akasema, "Tarsi mwanangu, huyu Petro wako, pamba yake niliiloweka mimi. Na hiki ni kitenge changu. Nilikichana pindo siku mutoto anateremsha mashua majini."

Nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema, "Tangu Pasaka. Nilikuona umejisumbua sana kuongopa, nikakuacha."

Basi Mwalimu ana haki katika yote, mpaka magamba. Ubao niliuokota Kigwena wiki ile ile mashua ilipovunjika. Ndio peke yake uliorudi. Nilishindwa kumpelekea mama wa watu ubao na kumwambia mwanao ni huyu. Nikauficha miaka mitatu nyuma ya mapipa ya mawese, halafu, ili aweze kuugusa, nikamtafutia Petro.

Jumapili uuondoe, shangazi amekubali. Anachoomba ni uzikwe, kwa misa, kwa jina la Revokatus. Kaburi nitachimba mimi, na Mwalimu Josias akitaka kusaidia aje na jembe.

Galilaya sijafika. Bahati nasibu sijashinda hata sabuni. Mwisho wa safari zangu ni Kigoma, nako nilikwenda nikiwa mkimbizi.