Mukima Usiogusa Waya

Jumatatu, 14 Julai

Leo watu wa stima wamemkatia jirani yangu Wachuka mti. Bure! Nilisimama kwa ua nikaona kwa macho yangu. Gari lilikuja na ngazi, vijana wakapanda, msumeno wao wa pawasoo ukalia ngrrr, na matawi yakaanguka yote upande wake. Kuni za kupika mpaka Krismasi. Yeye amejifunga leso mpya, anawaonyesha vijana mahali pa kupanga, ungedhani ndiye anawalipa mshahara.

Nikamwuliza amejuana na nani huko ofisini. Akasema hajuani na mtu. Ati mti wake uligusa waya, na mti ukigusa waya kampuni inaukata, na kuni zinabaki kwa mwenye shamba. Kisha akaangalia mti wangu wa mukima juu mpaka chini, akacheka kwa pua. Akasema pole Mama Shiro, wako haugusi kitu.

Ni kweli. Mukima wangu uko katikati. Waya uko upande wa barabara, nyumba iko upande huu, na huo mti bila akili umeamua kuinamia nyumba. Tena si nyumba tu. Ni chumba cha wanangu, Shiro na Sophie! Upepo ukivuma tawi linakwaruza bati, krrr, krrr, na mimi naamka kwenda kuwaangalia.

Gatimu mwenye pawasoo alishanipa masharti ya kuukata. Hataki pesa. Anataka mti wote: mbao, kuni, hata maganda. Nikamwambia mti huo niliupanda nikiwa na mimba ya Shiro, yeye akiwa bado anapanguswa kamasi. Akasema sawa mama, endelea kuupenda.

Kijana hana adabu kabisa.

Jumatano, 16 Julai

Nimeenda ofisi ya stima, Nyeri mjini. Kumbe kuna meneja mpya na mambo yamebadilika! Zamani ulikuwa unasimama hapo mpaka miguu ivimbe. Sasa kuna kiti, na askari wa mlangoni anakuuliza umeamkaje. Nilifikiri nimeingia benki.

Msichana wa kaunta ameniambia kila lalamiko linapewa nambari na linapewa mtu. Huyo mtu hawezi kulifunga mpaka mteja mwenyewe aseme neno moja: nimeridhika. Nikamwuliza, na mteja akikataa kusema? Akasema basi linabaki wazi, Mama, na kila Ijumaa meneja anasimama mbele ya ubao na kuuliza hili ni la nani.

Nilimwomba anieleze tena. Mara ya pili ilikuwa tamu kuliko ya kwanza.

Nikaandikisha: mti unagusa waya. Si uongo sana. Ukikaa chini kabisa, ukifunga jicho moja, unagusa.

Alhamisi, 17 Julai

Amekuja, mtu wa lalamiko langu! Anaitwa Mbaabu, kijana wa Meru, viatu safi, kifuani ana beji imeandikwa NIULIZE. Akaangalia juu. Akasema mama, hapo kati lori inapita na mzigo wake. Nikamwambia achuchumae. Akachuchumaa. Nikamwambia afunge jicho moja. Akafunga, masikini. Akasema sasa lori haipiti, lakini pikapu inapita.

Akanieleza sheria kwa upole sana. Wanakata tu mti ulio hatari kwa waya. Mti ulio hatari kwa nyumba ni wa mwenye nyumba. Akauliza, mama, umeridhika?

Nikampa githeri na avokado. Akala sahani mbili. Akauliza tena.

Nikasema hapana.

Ameondoka na mayai niliyomfungia kwa gazeti. Moyo umeniuma kidogo. Ana uso wa mtu ambaye mama yake anangoja simu yake. Lakini na mimi ni mama, na wangu wako chini ya mti.

Ijumaa, 18 Julai

Mbaabu amepiga simu akitoka mkutanoni. Jina lake limeandikwa kwa wino mwekundu. Meneja amemsimamisha mbele ya wote, hata mama wa chai alikuwa hapo ameshika birika. Nilimhurumia mpaka machozi yakanilenga. Nikamwambia aje wiki ijayo nimpikie mukimo wa viazi.

Neno lenyewe sikusema.

Mume wangu Ndungu naye amepiga kutoka Timau. Ati nimpe Gatimu huo mti niwache vituko. Nikamwambia yeye analala huko shamba la maua, juu yake hakuna tawi hata la mchicha. Halafu akasema ndiyo sababu anataka ukatwe, hao ni watoto wake pia. Nikamwambia nina mpango. Akasema Ngai wangu, akakata simu. Au mtandao ulipotea.

Jumatatu, 21 Julai

Mpango ni huu. Mti ukikataa kwenda kwa waya, si unaweza kusaidiwa?

Watoto wakiwa shuleni nimepanda ngazi mwenyewe, na sketi, nikiimba nyimbo za kanisa ili nisiangalie chini. Nimefunga kamba ya katani kwa tawi la upande wa barabara. Ncha nyingine nimeileta mpaka kigingi cha ua wa barabarani, nikavuta, nikafunga. Kila asubuhi nitavuta kidogo. Kidogo tu. Mti wenyewe hautajua.

Ili watu wasiulize, nimeanika sweta ya Sophie hapo katikati.

Jumatano, 23 Julai

Tawi linakuja vizuri! Lina tabia nzuri kuliko watoto wengine.

Wachuka alipita akasimama. Akauliza hiyo kamba ni ya nini. Nikasema ya nguo. Akainua macho, akainua, akainua. Akauliza kama nguo zangu siku hizi zinaogopa watu. Nikamwambia huko juu kuna jua zaidi. Na leo kulikuwa na ukungu, mlima wote umejifunika, hata kuku walikuwa wamejikunja! Lakini nilishasema.

Mbaabu amekuja akala mukimo. Hakuangalia juu, alikuwa anaangalia sahani. Akauliza neno lake. Nikamwambia avumilie kidogo, mambo yanaelekea kuwa mazuri.

Ijumaa, 25 Julai

Woi! Woi!

Mvua ndogo ilinyesha tangu alfajiri, kamba ikalowa. Shule zimefunga mapema leo, Shiro na Sophie walikuwa ndani wakila. Upepo ukaja kutoka upande wa nyumba, mmoja tu, mkubwa. Tawi likaenda mahali nilipokuwa nalivuta. PWAA! Moto wa bluu. Waya ukalia kama paka. Kamba ikatoa moshi, na sweta ya Sophie ikacheza hapo juu bila mtu ndani.

Stima ikaenda kijiji chote. Mashine ya unga ikanyamaza. Kwa kinyozi, Naibu wa Chifu Muriithi alikuwa amenyolewa upande mmoja, mashine ikafia katikati ya kichwa. Mkutano wake ulikuwa saa hiyo hiyo. Amekwenda na kofia ya sufu ya mke wake.

Mimi nikakimbia kufungua kamba, watu wasiione. Nilikuwa nimebakiza hatua chache tu nikashikwa nyuma na kuangushwa matopeni. Wachuka! Akanikalia kabisa, na uzito ule. Akanipigia kelele ati nikigusa hiyo kamba nitaenda kumsalimia Mungu na hii sketi chafu, na Shiro na Sophie nimwachie nani, yeye?

Watoto walikuwa wamesimama mlangoni wakilia. Nikawapigia kelele wasitoke.

Watu wa stima walikuja mbio wakazima laini na kuondoa kamba.

Wachuka sijamshukuru. Alinirarua blauzi.

Jumamosi, 26 Julai

Nilijua nitapelekwa polisi. Nikavaa nguo ya Jumapili kabisa.

Kumbe ni mafunzo! Ati ni amri ya meneja mpya: ajali ikitokea, watu wafundishwe pale pale ilipotokea, si hotelini. Kwa hivyo kijiji kizima kimekuja kukaa kwangu. Nikaweka sufuria kubwa ya chai. Kama ni aibu, basi iwe na maziwa.

Aliyefundisha ni fundi wao mkubwa, Kinya, msichana mdogo na helmeti kubwa. Lakini mdomo! Akasema kamba iliyolowa inabeba stima kama mpira wa maji unavyobeba maji. Akasema hata mti mbichi unaibeba. Ukiona waya umelala chini, usiusogelee, usitume mtoto kuangalia, zuia watu na upige simu. Akauliza maswali, Wachuka akajibu yote mkono juu kama mtoto wa darasa la pili. Amepewa mwavuli wa kampuni. Mwavuli mzuri sana.

Kisha Kinya akauliza kamba ilikuwa ya nani. Watu wote wakaanza kuangalia mawingu. Nikasema ni yangu, ya kuanika nguo. Akaangalia juu. Akauliza, kwani hapo mama anaanikia twiga? Watu wakacheka mpaka Naibu wa Chifu akashika kofia isianguke. Hata Mbaabu alicheka, na amekula chakula changu!

Halafu Kinya akakaribia na kuniuliza polepole, bila kucheka, watoto walikuwa wapi moto ulipopiga. Nikasema walikuwa mlangoni. Nikalia kidogo. Kisha nikapitisha chai.

Na halafu wakakata! Nikapiga makofi. Pawasoo ngrrr, matawi chini, kuni, kuni! Nikamtafuta Wachuka kwa macho ili aone. Nikaanza kufikiria mahali pa kuzipanga.

Wakamaliza, wakafunga ngazi. Nikauliza, na upande huu mwingine? Kinya akasema wamekata upande wa waya, kazi yao inaishia hapo, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo.

Nikaangalia. Ngai! Upande wa barabara hakuna hata jani. Upande wa nyumba matawi yote yako. Mti umefanana na kichwa cha Naibu wa Chifu. Uzito wote sasa uko juu ya chumba cha watoto. Kinya mwenyewe akaangalia, akatikisa kichwa. Akaniambia kwa macho makali Shiro na Sophie wasilale humo mpaka mti uondolewe wote.

Krrr ya leo imekuwa ndefu.

Jumapili, 27 Julai

Watoto wamelala kwangu. Sophie anapiga teke kama punda. Sikujali. Kila alipopiga nilijua yupo.

Baada ya kanisa nimemwendea Gatimu. Mimi! Nilimkuta anapangusa pawasoo yake, hakusimama hata kunisalimia. Akaja akazunguka mti polepole, akisema tsk, tsk, kama daktari. Akasema sasa mambo ni magumu kuliko juzi. Mti wote ni wake, na matawi yaliyokatwa na kampuni pia ni yake. Na siku ya kazi anataka chapati. Za kuchoma na mafuta mengi.

Nilifungua mdomo nibishane. Upepo ukavuma. Nikaufunga.

Jumanne, 29 Julai

Gatimu amekuja na wenzake na kamba zake. Amekata kipande kwa kipande, akishusha kila kimoja kama anashusha mayai. Hakuna bati hata moja limebonyea. Lazima niandike ukweli: kijana anajua kazi. Alikula chapati nyingi kupita haki, nikamwongeza.

Jioni Shiro na Sophie wamerudi chumbani kwao. Wameniita kwa dirisha, wakaniambia mama, tunaona mlima. Nikaangalia. Ni kweli! Kirinyaga wote, na theluji yake juu, umekaa tu hapo nyuma ya shamba. Miaka yote hii mukima ulikuwa umeuficha kwa dirisha hilo. Nimekaa hapo na wao mpaka giza likaingia, na hakuna kitu kilichokwaruza bati.

Nilifurahi sana, mpaka nikasikia mkokoteni barabarani. Gatimu anapeleka kuni zangu. Kwa nani? Kwa Wachuka! Amenunua zote. Alikuwa anaziongoza akiwa amefungua mwavuli, na mvua hakuna.

Jumatano, 30 Julai

Mbaabu amepiga simu asubuhi. Sauti ndogo. Akauliza, mama, sasa?

Nikasema: nimeridhika. Akaniomba niseme tena, ati ameweka spika. Nikasema kwa nguvu kama niko kanisani, NIMERIDHIKA! Nikasikia ofisi nzima inapiga makofi, na mtu anafuta ubao, fyu fyu. Mbaabu akasema Mungu akubariki mama yangu. Nikalia. Ni kijana mzuri, nitamtafutia mke.

Halafu, kabla ya kukata, akauliza kama kuna jambo lingine. Ati ni utaratibu, kila mteja lazima aulizwe hivyo.

Sasa, mimi nilikuwa nimesimama hapo kwa lango, na nguzo yao ya stima iko hapo. Ya mbao, nzee. Gatimu alisema jana akitafuna kwamba nguzo ikiinama wanaleta mpya, na ile ya zamani huwa hawabebi, inaachwa na mwenye shamba. Nguzo moja ni milingoti miwili ya lango, na kipande kinabaki.

Imeinama. Lakini kidogo. Mbaabu akija atachuchumaa, atafunga jicho, atasema iko sawa.

Kwa hivyo nikamwambia kwa sasa hakuna, mwanangu, lakini asipoteze nambari yangu.

Nimemfunga ng'ombe kwa hiyo nguzo. Ni ng'ombe wa kuvuta sana.