Chenga za Makusudi

Alhamisi, 5 Agosti 2004
Ridhiwani kaniharibia wiki. Baba yake kamletea kamera ya dijitali kutoka Dar, sawa kabisa na yangu. Sasa Sumbawanga ina wapiga video wawili wa harusi. Nimeitazama kazi yake dukani kwao. Picha safi mno, hata chunusi ya bwana harusi inaonekana. Huo si usanii, ni ushahidi. Mimi nataka sura ya sinema za zamani: giza, vumbi, chenga.

Ijumaa, 6 Agosti
Dawa imepatikana. Soksi ya nailoni ya mke wangu, Debora, ikivutwa mbele ya lenzi, picha inakuwa ya ng'ambo. Halafu kamera ina kitufe cha kupigia gizani. Ukikibonyeza baada ya kubana mwanga, chenga zinamiminika. Debora kauliza soksi yake iko wapi. Nikasema labda panya. Akauliza panya gani anavaa mguu mmoja. Nikatoka.

Jumamosi, 7 Agosti
Harusi ya Silvana na Kija. Kija ni Msukuma, kwao Ilemba, huko bondeni. Mama yake, Mama Kashinje, kavunjika mguu, hakuweza kupanda huku juu. Kija alinishika mkono mlangoni mwa kanisa.
"Kaka Felisiani, mama hajawahi kumwona mke wangu. Mwonyeshe vizuri."
Nikamwambia atamwona kama hajapata kuona mtu. Nimepiga yote kwa soksi. Upepo umeongeza vumbi, bure. Padri aliuliza kamera yangu inaumwa nini.

Jumatatu, 9 Agosti
Ilemba, mimi na Kija. Silvana kabaki mjini. Jenereta likawashwa, ukoo mzima ukakaa. Wote wakakodoa macho. Nikadhani wameguswa. Mama Kashinje akauliza kama siku hiyo ilinyesha mvua. Nikaeleza kuwa ni mtindo. Akauliza nani alifariki. Mjomba Shigela akaipiga runinga makofi, kisha akapanda juu ya bati kugeuza antena.
Bibi harusi alipotokea, mama akajivuta mpaka pua ikagusa kioo.
"Kija, mwanangu, mbona mmemficha uso? Ana nini?"
Akasema mkwe anayefichwa hampokei, arudishwe kwao. Kija akarudi mjini kumweleza mkewe.

Jumatano, 11 Agosti
Debora kaiona soksi yake. Ipo kwenye kamera. Hilo tuliache.
Jioni alikuja Silvana. Macho mekundu, sauti ya upole inayotisha. Alisema kesho anakwenda Ilemba kuonekana, na gari nitafute mimi. Gari pekee lililopatikana ni la kina Ridhiwani. Naye atakuja na kamera yake.

Alhamisi, 12 Agosti
Silvana alipiga magoti, akasema shikamoo mama. Mama Kashinje akamshika mashavu, akamgeuzia kwenye jua, upande huu, upande ule.
"Kumbe mtu mzima kabisa," akasema. "Mimi nilijua wananiletea kivuli."
Akacheka, halafu akalia, na Silvana akalia. Mchana Silvana alikuwa anaukanda ule mguu kwa maji ya moto bila kuombwa. Kasema harudi mjini mpaka mama atembee. Kija kabaki anatabasamu peke yake kama mgonjwa. Ridhiwani kapiga kila kitu, safi, na wameshaiomba kanda. Mimi niliambiwa nimshikie mwavuli, jua lisimchome.

Jumamosi, 14 Agosti
Nimefikiri sana. Picha zangu zingekuwa safi, Silvana angekaa mjini, na wale wawili wasingependana hivi. Kwa hiyo kazi ile ni yangu. Kasoro ilikuwa moja tu, runinga yao. Ina mwanga mkali.
Kesho kuna kipaimara. Kipande cha kioo nimeshakipaka masizi ya kibatari, nitakiweka mbele ya lenzi. Nimejaribu kwa jirani: hujui kama ni mwanamume au mwanamke. Watoto ni wengi, wote watavaa nyeupe. Kila mzazi atachagua wa kwake.