Faranga Mia Mbili na Nusu ya Gazeti

Alhamisi, 22 Septemba 1949

Mama kanikabidhi shilingi ishirini. Ada ya darasa la tisa, shule ya misheni. Zifike kwa Padre kabla ya jua kuzama Jumamosi ya tarehe mosi, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine, nami nashuka shimoni na Baba kusukuma vigari vya mawe. Baba kasema hivyo huku akinipima mabega kwa macho.

Siku tisa! Fedha ikae bure siku tisa? Hapa Geita, Warundi wanaokuja kutafuta kazi mgodini hutoa faranga kumi wapate shilingi moja. Wanaorudi kwao hukubali kununua nane kwa shilingi. Hakuna aliyeligundua jambo hili ila mimi. Na Mama Sikujua, muuza dagaa kutoka Ujiji, anayelifanya tangu sijazaliwa. Lakini yeye hajui Kiingereza.

Ijumaa, 23 Septemba

Nimenunua! Faranga mia mbili, shilingi zote ishirini.

Nakiri hapa tu: ilinichukua asubuhi nzima. Nilisimama mbele ya Warundi sita, sauti ikagoma. Wakadhani mimi bubu. Mmoja akanipa kiazi cha kuchoma. Nikakila. Mwishowe nikaandika hesabu mavumbini kwa kijiti, tukaelewana. Jumapili nauza. Faida shilingi tano. Baba atafute mabega mengine.

Jumapili, 25 Septemba

Misa, kisha soko. Sikukomunika, kwa sababu ninazozijua mimi na Mungu.

Nimeandika bei kwenye kibao, Kiswahili juu, Kiingereza chini, hati safi. Nikakaa nyuma ya kibao. Wanaorudi Urundi wakapita na masanduku yao kichwani. Hakuna hata mmoja aliyesoma! Mama Sikujua hana kibao. Ana koo. Anawaita kwa lugha yao, anawauliza habari za watoto, anawaonjesha dagaa. Wote kwake.

Halafu, mbele za watu, akaniuliza kama nimekuja kuuza au nimekuja kuungama. Soko zima likacheka! Sikumjibu. Nilimjibu nilipofika nyumbani, chumbani, kwa ukali sana.

Jumanne, 27 Septemba

Mayu wane, mama yangu! Nimeokoka chupuchupu!

Mama kanituma dagaa wa senti tano. Mama Sikujua akawafunga kwenye kipande cha gazeti la Kiingereza. Mpishi wa mzungu wa mgodini humuuzia ya zamani. Nikasoma njiani. Nywele zikanisimama. Faranga ya Wabelgiji imeshushwa thamani! Iliandikwa wazi, kwa herufi nono. Chini kulikuwa na maneno "hii ni baada ya", kisha karatasi ikaishia. Imechanwa. Nilikuwa nimeshaona ya kutosha.

Nikarudi mbio, dagaa wakimwagika. Nikampa shikamoo mara mbili. Nikamwambia nauza zote. Akaniuliza kulikoni. Nikasema sababu za kifamilia. Akalitazama jasho langu muda mrefu, akasema ishirini kwa shilingi. Nikakubali kabla hajafunga mdomo.

Nimepata shilingi kumi. Nusu imekwenda, lakini nusu nimeiokoa. Yeye amebaki na makaratasi. Nilimhurumia, kweli. Mama wa watu, hajui kusoma.

Alhamisi, 29 Septemba

Wizi! Wizi wa mchana, sokoni, mbele ya mzani wa serikali!

Ameuza faranga zangu zote. Saba kwa shilingi! Kapata shilingi ishirini na nane na ushei. Wanunuzi walipanga mstari. Waliofika juzi kutoka Urundi wamesema huko kila duka ni saba, hakuna cha nane tena.

Nikaenda na ushahidi wangu wa gazeti. Safari hii sauti haikugoma. Akacheka hadi kanga ikamteleza kichwani. Akapekua rundo lake la karatasi za kufungia, akatoa kipande cha pili, akanitandikia mkekani nisome mwenyewe, "wewe uliyesoma." Nikaviunganisha. Vilinuka dagaa vyote viwili. Hii ni baada ya pauni ya Uingereza kushushwa, na kushushwa zaidi! Na shilingi yetu imefungwa kwenye pauni kama ndama kwa mama yake. Faranga ilishuka ngazi moja, sisi tukashuka tatu.

Kosa la nani? La anayechana magazeti! Nikamwambia habari haiuzwi nusunusu. Akasema dagaa wa senti tano hawapewi gazeti zima.

Ijumaa, 30 Septemba

Nimemweleza Mama. Sikuweza kumtazama, nilivieleza vidole vya miguu yangu. Akatoka na mbuzi wetu mweupe, akarudi na kamba na shilingi kumi. Afadhali angenigombeza. Baba alinipima tena mabega, akauliza kama ningependa kuazima buti zake.

Ishirini zimetimia. Na amepewa nani azibebe? Justina! Mdogo wangu, miaka kumi na miwili, hajui hata neno moja la Kiingereza! Zimefungwa kwenye pindo la kanga yake, mimi namsindikiza tu, kama mlinzi. Sijawahi kudharauliwa hivi.

Kosa langu nimelijua: nilisoma nusu. Jioni nimemlipa mpishi senti kumi, nikapata gazeti zima, halijachanwa. Nimelisoma lote, hadi matangazo ya sabuni. Hakuna popote walipoandika kwamba faranga itashuka tena. Popote! Kwa hiyo inapanda.

Kesho tunaondoka alfajiri. Njia ya misheni inapita sokoni, na Padre hafungi daftari hadi jioni. Nimemwambia Justina tutasimama pale kidogo, kunywa maji tu. Amenitazama, akaongeza fundo la pili.

Nimelichunguza. Ni fundo la kawaida.