Chungu cha Matumbo Mawili

Jumanne, 1 Agosti 1911. Matema.

Habari kubwa. Andongwisye, binamu yangu wa Ikolo, amepita leo na ujumbe kutoka kwa Tata, baba yangu. Anakuja! Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Anataka kumwona mwanangu Tuntufye, ambaye ana miezi saba na hajawahi kushikwa na babu yake.

Tata hajakanyaga kwangu miaka minne. Kosa si langu. Alikuja mara moja, mwaka uleule niliobatizwa, nikampa maji. Nifanye nini? Mkristo wa misheni hapiki pombe, hasa akiwa mwalimu wa darasa la kwanza. Tata akatazama maji ndani ya kibuyu, akasema yeye si ng'ombe wa kuja kunyweshwa kisimani. Akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Andongwisye anasema mzee ameapa. Akiondoka na kiu safari hii, harudi tena maisha.

Lakini mimi, Anyitike, nimekwisha kupata jibu. Kahawa. Ni nyeusi, ni kali, inanukia, na wazungu huwapa wageni wa heshima. Shemeji yangu wa milimani Rungwe ameniletea kikapu kizima. Kinachokosekana ni chombo cha kupikia. Nataka kimoja tu, lakini kimoja kinachoweza yote: kahawa ya asubuhi ya watu wawili, kahawa ya wageni kumi, maji ya kuoga, na maharage ikibidi. Hakuna mwenye chombo cha namna hiyo katika Matema yote.

Tusekile, mke wangu, ameuliza kwa nini nisitumie sufuria. Nimeliandika hapa ili nikumbuke kumsamehe.

Alhamisi, 3 Agosti.

Shule imefungwa wiki tatu, kwa hiyo jana nilitembea hadi bandarini Mwaya. Leo nimerudi na birika la bati la ghorofa mbili. Ghorofa ya juu ina kichujio, ya chini ina mdomo mrefu kama wa korongo. Linang'aa mpaka linaumiza macho. Nilimpa mwenye duka kondoo wangu mwenye baka, naye akapokea haraka sana, maana alimwogopa mteja anayejua vitu.

Njiani nimekutana na Hezroni. Huyu ni jirani yangu. Amempikia mzungu miaka sita, kwa hiyo anajiona yeye peke yake ndiye anayejua kahawa upande huu wa ziwa. Akaanza kunieleza jinsi birika la namna hii linavyotumiwa. Nikamwambia asijisumbue. Mtu anayefundisha watoto hamsini kusoma hashindwi na bati.

Ijumaa, 4 Agosti.

Birika si zuri. Nimeliweka juu ya mafiga, moto ukiwa mkali kama inavyotakiwa. Kabla maji hayajachemka, mdomo ukaanguka motoni. Kisha mpini. Kisha ghorofa ya chini ikaachana na ya juu, kwa utulivu, kama watu wasioelewana.

Kumbe ni lehemu iliyoyeyuka. Hezroni akaja bila kuitwa, akasema birika lile halikai motoni hata siku moja. Maji huchemshwa kwenye chombo kingine, ndipo humiminwa juu. Akasema ndilo alilotaka kuniambia jana.

Nimemjibu kwamba chombo kinachohitaji chombo kingine si chombo cha kila siku. Nimeshinda mabishano, ingawa sina kondoo.

Tusekile amechukua ghorofa ya juu. Anachekechea unga.

Jumapili, 6 Agosti.

Jana nilimchunguza Hezroni kwa hila. Nilimsifu kwa mapishi yake mpaka akafunguka. Kumbe kwa mzungu wake, birika likiharibika, kahawa huchujwa kwa mfuko wa kitambaa. Nikarudi nyumbani mbio. Kitambaa cheupe sikuwa nacho ila kanzu yangu ya kanisani, na hiyo siikati. Nikakata kipande cha kaniki mpya ya Tusekile, kidogo tu, upande usioonekana.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, nikamwita Hezroni aonje, ili aone kwa macho yake nani sasa ni fundi. Kahawa ilikuwa nyeusi sana. Nilifurahi. Hezroni akanywa kibuyu kizima. Mimi, kwa adabu, nilimwachia mgeni.

Kaniki mpya hutoa rangi. Hili sikulijua. Hezroni ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani. Alipofungua kinywa kwa wimbo wa kwanza, meno, ulimi na midomo vilikuwa vya buluu. Watoto wa darasa langu walicheka hadi mzee wa kanisa akawatoa nje watatu.

Hezroni haongei nami. Tusekile naye haongei nami, kwa sababu ya ile kaniki. Upande usioonekana kumbe unaonekana.

Hata hivyo watu wote wamezungumza juu ya kahawa yangu siku nzima.

Jumatatu, 7 Agosti.

Nimeelewa kosa. Nilikuwa natumia akili za watu wengine. Chombo kamili lazima nikibuni mwenyewe.

Nimevuka kwa mtumbwi hadi Ikombe, kwa Damari. Yeye ni Mkisi, anafinyanga vyungu tangu kabla sijazaliwa, na vyungu vyake huuzwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Nilimkuta amekaa chini katikati ya vyungu vibichi, mikono imejaa udongo. Nikamchorea mchangani: chungu chenye matumbo mawili, moja juu ya jingine, na matundu madogo katikati. Maji na kahawa juu, kahawa safi chini. Midomo miwili, mmoja wa wenyeji, mmoja wa wageni. Pembeni masikio manne ya kubebea.

Damari akatazama mchoro muda mrefu. Akaniuliza nani atakuwa anakiosha. Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Akasema kwa upole kwamba chungu cha matumbo mawili kina mahali pawili pa kupasukia, na kiuno chembamba namna hiyo hakiwezi kubeba maji ya moto. Nikamwambia yeye afinyange tu, hesabu niachie mimi. Akasema haya, mwalimu, njoo baada ya siku kumi.

Nilipokuwa naondoka akanipa chungu kidogo cha kawaida, tumbo moja, mdomo uliobinywa upande mmoja. Akasema ni zawadi kwa Tusekile. Aweke nyasi safi kidogo kwenye huo mdomo, kahawa itajichuja yenyewe.

Nikapokea. Si vizuri kumvunja moyo mama mtu mzima.

Alhamisi, 10 Agosti.

Tusekile amerudi kuongea nami. Kila asubuhi anapika kahawa kwa kile chungu kidogo. Anachemsha, anakiacha kitulie pembeni ya moto, anamimina kupitia nyasi. Jioni anapikia maharage ndani ya chungu kingine, kana kwamba ni fahari kuwa na vyungu viwili.

Marta, jirani wa upande wa mtoni, huja kila siku sasa na kibuyu chake. Leo wamekuja wanawake wanne. Mimi pia nimekunywa, kwa uchunguzi. Nimekunywa mara tatu. Ni nzuri, siwezi kukataa, lakini ni chungu kisicho na elimu yoyote.

Nimemwambia Tusekile asimalize kahawa ya Tata. Akanikumbusha kwamba kahawa imetoka kwa kaka yake.

Alhamisi, 17 Agosti.

Kimekuja! Sijawahi kuona kitu kizuri kama hiki. Kirefu kuniishia kiunoni, chekundu, kimepakwa urembo mweupe mabegani. Midomo miwili imetazama pande mbili kama watu wanaosubiri mgeni wasiyejua atatokea wapi. Damari amefanya yote niliyomwambia. Alipokiweka mtumbwini alikishika kwa mikono yote miwili, akaniambia nisikiwashie moto mkubwa. Nadhani alikuwa anaona uchungu kuachana nacho.

Kutoka ufukweni hadi nyumbani ni mwendo mfupi. Nilipita njia ndefu, shuleni, kanisani, na kwa Hezroni. Hezroni alitoka nje akakitazama. Akauliza ni choo cha kuku? Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 19 Agosti.

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tata alifika asubuhi, jua likiwa bado upande wa milima. Amezeeka. Sikutegemea. Fimbo ni ileile lakini sasa anaiegemea kweli. Tusekile alimsikia akikohoa njiani, akaniwekea mtoto mikononi, akajifunika kichwa na kukimbilia nyuma ya ua wa mianzi, maana kwetu mke wa mtu na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, na kubatizwa hakujabadilisha hilo. Ndiyo sababu ilinipasa nipike mwenyewe.

Nilipiga magoti nikamsalimu. Akaitikia kwa kifupi. Nikampa Tuntufye. Mtoto akamshika ndevu, akavuta. Tata hakuzitoa. Akakaa hivyo, kichwa kimeinama, ndevu mkononi mwa mtoto.

Kisha nikamwonyesha chungu. Nikamweleza matumbo, matundu, midomo, masikio. Tata alisikiliza yote. Mwishoni akauliza ninyi hapa mnakunywa chungu au mnakunywa kilichomo. Nikawasha moto. Mkubwa kidogo, kwa sababu ya heshima.

Kilianza kuimba. Nikamwambia Tata hiyo ndiyo sauti ya kahawa inayoshuka. Haikuwa hiyo. Kiuno kilikatika. Tumbo la juu likaanguka juu ya la chini, yote mawili yakafunguka, na maji ya kahawa ya watu kumi yakamwagika motoni. Mvuke na majivu vikajaa uani. Tata aliinua mtoto juu kabisa, kwa hiyo mtoto hakuguswa. Yeye mwenyewe alikuwa mweupe wa majivu kutoka magotini hadi vidoleni.

Nilisimama na kipande cha mdomo wa wageni mkononi.

Tata akanirudishia mtoto. Akainama, akatafuta fimbo yake. Akasema, "Nimekuja kutoka Ikolo kwa miguu hii." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu kama angesema kwa hasira.

Akapiga hatua tatu. Ya nne hakuipiga. Akainua pua.

Harufu ilitoka nyuma ya ua. Tusekile alikuwa amewasha moto wake mdogo huko nyuma tangu alipokimbilia, na juu yake kile chungu kidogo. Chini ya mianzi, palipo na pengo la kupitia kuku, ukatokea mkono wenye bangili ukisukuma kibuyu, taratibu, kisha ukarudi.

Tata alitazama upande mwingine, kama inavyompasa. Alipoona kutazama upande mwingine kumetosha, akaniashiria nikilete. Akanywa. Akakunja uso. Akanywa tena. Akakaa chini palepale kwenye majivu, akamaliza kibuyu chote, akakigeuza kuhakikisha. Kikapita chini ya ua, kikarudi kimejaa, safari hii na asali kidogo.

Ndipo akanigeukia, na akasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyohitaji, maana nilikuwa karibu naye kabisa:

"Mwambie aliyepika kwamba mimi, Aliko, nimekunywa, na kiu imekwisha. Ndaga fijo, asante sana. Mwambie nitarudi."

Nikaenda nikamwambia Tusekile, ingawa alikuwa ameketi hatua nne tu nyuma ya mianzi na amesikia kila neno. Alikuwa anafuta macho kwa ile kaniki iliyokatwa. Akasema nimjibu Tata kwamba mlango uko wazi. Nikarudi nikasema. Tulikwenda hivyo mpaka mchana, mimi nikiwa katikati, wakiulizana habari za ng'ombe, za migomba, za meno ya mtoto. Sijawahi kutembea sana namna hiyo ndani ya ua wangu mwenyewe. Sijawahi kufurahi namna hiyo pia.

Jua lilipoanza kushuka nilimsindikiza Tata hadi kwenye kivuko cha mto. Aliniegemea begani sehemu mbaya za njia. Hakusema kitu juu ya maji ya miaka minne iliyopita, na mimi sikuuliza.

Jumapili, 20 Agosti.

Nimelala vizuri, nimefikiri vizuri. Jana ilikuwa ushindi mkubwa, na lazima nikiri kwamba ni wangu. Nani aliyeamua kahawa? Mimi. Nani aliyeleta kile chungu kidogo kutoka Ikombe kwa mikono yake? Mimi. Na kama chungu kikubwa kisingepasuka, Tata angeonjaje tofauti?

Nilimweleza Hezroni hayo baada ya ibada. Amenipa mkono na kusema hajawahi kukutana na mtu kama mimi. Tumepatana.

Sasa kuna habari mpya. Andongwisye amekuja tena. Tata alifika salama, na amewasimulia rika lake lote. Mwezi ujao anarudi pamoja nao. Wazee kumi na mmoja!

Tusekile anasema tutaagiza vyungu vidogo viwili zaidi, basi. Damari anavyo tayari, na Marta atatuazima chungu chake.

Vyungu vidogo vinne, kwa wazee kumi na wawili, vikizungushwa chini ya ua! Nimecheka. Tatizo la kile cha kwanza nimeshaliona, ni jambo dogo mno: matumbo mawili hayana usawa. Uzito wote unaangukia kiuno kimoja. Yakiwa matatu, uzito unagawanyika.

Mchoro uko tayari. Kesho alfajiri navuka kwenda Ikombe. Damari atafurahi kuniona.